Umevunjiwa nyumba na serikali? Mwongozo kamili wa kupeleka malalamiko Tume ya Afrika bila kukwama mlangoni

Malalamiko mengi ya watu waliovunjiwa nyumba yanakufa kabla hata hayajasikilizwa vizuri, na sababu ni zilezile kila mara: mtu karuka mahakama za nchini kwake, au kaenda mahakama ambayo nchi yake haimruhusu kuingia, au katuma lundo la klipu za WhatsApp na barua ya matusi kurasa kumi. Dhulma ipo, tena ya wazi kabisa, lakini faili halisimami. Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida au kamati ya mtaa, ukiwa na wakili vizuri zaidi, ila ukikosa wakili Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inakupokea hivohivo na hakuna ada ya kufungua malalamiko.

Nikuambie mapema tu, njia hii ni ndefu. Waendorois wa Ziwa Bogoria, Kenya, walipeleka malalamiko yao 2003, uamuzi ukaja 2009. Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya hiyohiyo, walipewa notisi ya kuhama 2009, hukumu ikatoka 2017, na fidia ikapangwa 2022. Kama unachotafuta ni paa la kulala wiki ijayo, nguvu zako ziweke kwenye mahakama ya hapo nyumbani, na hayo ndo yatakayokupa tiketi ya kwenda mbele baadaye.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Notisi yenyewe, au picha ya alama ya X ukutani kama notisi ilikuwa rangi tu
- Chochote kinachoonyesha uliishi pale: hati, ofa, leseni ya makazi, mkataba wa kuuziana, barua ya mtendaji au chifu, risiti za umeme na maji, kadi ya kliniki ya mtoto yenye jina la mtaa
- Orodha ya waathirika yenye majina kamili, simu, idadi ya watu kwenye kaya, mali zilizoharibika, na sahihi au dole gumba
- Picha na video ambazo hazijapitia WhatsApp
- Nakala za kila karatasi ya mahakama, hata ile ya kuahirishwa
- Imeili moja ya kudumu ambayo watu wawili wanaijua nywila yake

Hiyo ya mwisho watu wanaidharau. Shauri linakaa miaka, mwenye imeili anahama au anafariki, barua kutoka Tume zinaingia hakuna anayezisoma, na shauri linafutwa kwa kutofuatiliwa.

Hatua ya 1: Hakikisha unayemlalamikia ni nchi

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Banjul kule Gambia, inasikiliza malalamiko dhidi ya nchi. Mwenye nyumba aliyekutolea godoro nje kwa sababu ya kodi ya miezi mitatu hashtakiwi Banjul, huyo ni wa baraza la ardhi na nyumba au baraza la wapangaji la hapo kwenu.

Ila mambo yanageuka pale polisi walipomsindikiza bila amri ya mahakama, au ulipokimbilia kituoni wakati mabaunsa wanavunja ukaambiwa hilo ni suala la madai rudi nyumbani, au mahakama ilitoa zuio na watu wa serikali wakavunja hivohivo. Hapo serikali imeshindwa kukulinda, na Tume ilishasema kwenye kesi ya Waogoni wa Nigeria (SERAC, namba 155/96, uamuzi wa 2001) kwamba nchi inawajibika kwa mikono yake yenyewe na pia kwa kuwaacha wengine wakuumize.

Nchi zote za Umoja wa Afrika zimeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ule ambao Tume inausimamia, isipokuwa Morocco, kwa hiyo huku kwetu swali la kama nchi inahusika halipo.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kusema kwa sentensi moja: ofisi fulani ya serikali ilifanya, au ilikataa kufanya, kitu fulani, tarehe fulani.

Hatua ya 2: Chagua mlango, manake iko mitatu na miwili ipo mji mmoja

Hapa ndo mkanganyiko mkubwa ulipo. Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Arusha hiyohiyo kuna Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Watu wanasema "tunaenda Arusha" bila kujua ni ipi.

*Mahakama ya Afrika.* Mtu binafsi anaingia moja kwa moja tu kama nchi yake iliweka tamko maalumu la kuruhusu hivyo, lile la kifungu cha 34(6) cha Itifaki iliyounda mahakama hiyo. Tanzania iliweka 2010, ikaliondoa Novemba 2019, na kuanzia 22 Novemba 2020 mlango ukafungwa kwa kesi mpya. Rwanda iliondoa lake 2016. Kenya na Uganda ziliridhia Itifaki lakini tamko hazikuweka. Kwa hiyo ukiwa Nairobi, Kampala au Dar, usipoteze muda kuandika maombi ya kwenda pale mwenyewe. Njia iliyobaki ni Tume kulipeleka shauri yenyewe, na ndivyo Waogiek walivyofika: walianzia Tume, Tume ikaishtaki Kenya mahakamani 2012.

*Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki.* Hii haikudai umalize kwanza mahakama za nyumbani, na hilo ni jambo kubwa. Ila ina mtego wa muda: una miezi miwili tu tangu kitendo kufanyika au tangu ulipokijua, na hawana huruma na hoja ya kwamba "ukiukwaji unaendelea mpaka leo". Pia huji pale na kesi ya haki za binadamu peke yake, unajenga hoja kwamba nchi imevunja Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hasa vifungu vya 6(d) na 7(2) vinavyozungumzia utawala bora, utawala wa sheria na haki za binadamu.

*Tume, Banjul.* Haina miezi miwili, haihitaji tamko, na anayelalamika si lazima awe mwathirika mwenyewe, shirika au jirani anaweza kuandika kwa niaba yenu. Masharti yake ndo hayo ya kumaliza mahakama za ndani.

Ushauri wangu: kama bado uko ndani ya miezi miwili na una wakili, fikiria Afrika Mashariki haraka leo hii, si kesho. Kama muda umepita, jipange kwa Tume, na kuanzia hapa naongelea Tume. Usipeleke shauri lilelile kila mahali ukitegemea moja litajibu, manake Tume inakuuliza kama lipo kwenye chombo kingine cha kimataifa, na likishaamuliwa kwingine hawaligusi.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi kabla vumbi halijatulia

Piga picha ya nyumba ikiwa imesimama, hata kama unaamini hawatakuja. Picha ya kifusi peke yake inaonyesha kifusi, haionyeshi kilikuwa nyumba ya nani.

Siku ya bomoabomoa, gawaneni kazi. Mmoja anarekodi sura pana akiwa mbali na salama, mwingine anaandika: saa waliyofika, sare walizovaa, namba za magari na za tingatinga, nani alikuwa anatoa amri, alionyesha karatasi gani, mlipewa dakika ngapi kutoa vitu. Andika palepale kwenye daftari au simu, usisubiri jioni. Usigombane na askari ili upate picha nzuri, hakuna picha inayozidi mtu mzima.

Washa lokesheni kwenye kamera. Hili nalirudia kwa sababu kuna mfano unaouma. Vijiji vinne vya Loliondo, Ololosokwan na wenzake, viliishtaki Tanzania kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki 2017, wakapata hadi zuio la muda 2018, halafu Septemba 2022 kesi ikatupwa. Kilichowaangusha ni ushahidi wa mahali: kwamba nyumba zilizochomwa zilikuwa ndani ya ardhi ya kijiji na si ndani ya hifadhi ya Serengeti. Kitengo cha rufaa Novemba 2023 kikasema ushahidi haukupimwa sawasawa, kikaagiza kesi isikilizwe upya. Miaka sita imeliwa na swali la "ilikuwa wapi hasa?". Kwa hiyo chukua nukta za ramani za kila nyumba, na mpimaji mwenye leseni ya nchi husika atie mkono wake.

Faili za simu zihamishe kwa waya au uzipandishe kwenye hifadhi ya mtandaoni zikiwa vilevile. Ukishazituma WhatsApp, tarehe na lokesheni vinachujwa na ubora unashuka.

Kisha hati za viapo. Viapo kumi vya watu waliokaa chini wakaeleza walichokiona wao wenyewe vina uzito kuliko viapo mia vilivyokopiwa maneno yaleyale na kubadilishwa jina tu, hiyo mtu akisoma vitatu anajua.

Hatua ya 4: Maliza mahakama za nyumbani, au onyesha kwa nini haiwezekani

Hapa ndo makaburi ya malalamiko yalipo. Kifungu cha 56(5) cha Mkataba wa Afrika kinataka uwe umetumia njia zote za kisheria nchini, isipokuwa ni wazi kwamba zinacheleweshwa kupita kiasi. Sababu yake inaeleweka: nchi ipewe nafasi ya kurekebisha yenyewe kabla haijaitwa nje.

Barua kwa mkuu wa wilaya, kikao na mbunge, maandamano, malalamiko kwa tume ya taifa ya haki za binadamu, vyote vizuri lakini havihesabiki. Kinachohesabika ni mahakama.

Kenya una silaha nzuri kidogo. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inataja makazi waziwazi. Sheria ya Ardhi tangu marekebisho ya 2016 inataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu, na kifungu cha 152G kinaeleza uvunjaji ufanyweje: maafisa wajitambulishe, waonyeshe idhini, heshima na usalama wa watu vilindwe, watoto, wazee na walemavu waangaliwe. Kesi ya Mitu-Bell, watu wa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson waliopewa notisi ya siku 7 mwaka 2011, ilifika Mahakama ya Juu na kuamuliwa Januari 2021. Ukiwa Kenya, soma hukumu hiyo kabla hujaandika chochote.

Tanzania angalia mtego huu: kuishtaki serikali lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, na tingatinga halisubiri siku 90. Mawakili wanachofanya ni kuomba Mahakama Kuu zuio la muda wakati notisi inahesabika, yale maombi wanayoita ya Mareva. Yaombe. Hata ukinyimwa, ile karatasi ya kunyimwa ni ushahidi wako wa kesho. Kisha panda hadi Mahakama ya Rufani kama rufaa ipo.

Sasa, msamaha. Kwenye kesi ya Jawara dhidi ya Gambia, Tume ilisema njia ya kisheria inahesabika kama ipo kweli, inafanya kazi, na inatosha kurekebisha tatizo. Kwa hiyo unaweza kusema sikumaliza kwa sababu kesi imekaa miaka bila kusikilizwa, au sheria imewanyima mahakama mamlaka, au waliofungua kesi walikamatwa. Lakini toa uthibitisho: orodha ya tarehe za kuahirishwa, barua za kukumbushia ulizoandika, hati za mashtaka. Kusema tu "mahakama zetu ni za serikali hazitatusaidia" hakujawahi kutosha.

Na umaskini? Unaweza kuutaja, ila onyesha kwamba uliomba msaada wa kisheria ukakosa. Anza na vituo kama Kituo cha Sheria kwa Kenya au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwa Tanzania, omba jibu la maandishi hata likiwa la hapana.

Dalili kwamba hatua imekaa sawa: una jedwali la ukurasa mmoja, kila mstari una mahakama, namba ya kesi, ulichoomba, tarehe, matokeo, na namba ya kiambatisho.

Hatua ya 5: Hesabu muda

Mkataba unasema upeleke "ndani ya muda unaofaa" baada ya kumaliza nyumbani, hautaji namba. Usijidanganye na ulegevu huo. Kuna malalamiko dhidi ya Zimbabwe (308/05) yaliyotupwa kwa kuchelewa miezi 22. Chukulia una miezi 6 kutoka hukumu ya mwisho na hutapata shida. Kama umezidisha, eleza kwa nini, kwa karatasi: ulikuwa hospitali, ukimbizini, au nakala ya hukumu ilichelewa kutolewa.

Hatua ya 6: Andika

Andika Kiingereza au Kifaransa kama unaweza kupata mtu, faili linatembea haraka zaidi. Kurasa 10 mpaka 15 zinatosha, viambatisho vikae nyuma na namba zake.

Anza na jina, uraia, anwani na sahihi ya anayelalamika. Kama mnaogopa kulipiziwa, Tume itawaficha msionekane kwa serikali mkiomba, ila kwa Tume yenyewe lazima mjitambulishe, barua isiyo na jina haipokelewi. Kisha taja nchi, eleza kilichotokea, jedwali la mahakama, maelezo ya muda, na sentensi kwamba shauri halijapelekwa chombo kingine cha kimataifa.

Kwenye matukio, linganisha hizi mbili, zote ni mfano wa kutunga:

"Serikali katili ilikuja kutunyanyasa wanyonge na kutuharibia maisha yetu bila huruma."

"Tarehe 14 Machi, saa 11 alfajiri, askari wapatao 30 wenye sare na matingatinga mawili waliingia mtaani. Hakuna aliyeonyesha amri ya mahakama. Kufikia saa 4 asubuhi nyumba 62 zilikuwa chini (kiambatisho 4, picha 1 hadi 19)."

Ya pili haina neno kali hata moja na inauma zaidi. Tena matusi yana adhabu: kifungu cha 56(3) kinakataza lugha ya kudhalilisha, na kuna malalamiko dhidi ya Kameruni (65/92) yaliyokataliwa kwa maneno ya aina ya "utawala wa watesaji". Vilevile usitegemee vipande vya magazeti peke yake, 56(4) inakataza. Gazeti liwe nyongeza juu ya viapo na picha.

Vifungu vya kutaja: Mkataba hautaji waziwazi haki ya makazi, na hapa ndo wengi wanakata tamaa bure. Kwenye kesi ya SERAC Tume ilisoma haki ya makazi kutoka vifungu vitatu kwa pamoja: 14 mali, 16 afya, na 18(1) familia, kwa sababu nyumba ikivunjwa vyote vitatu vinaumia. Vitaje vyote vitatu na uonyeshe kila kimoja kwa mambo ya kwenu: mabati na mashine ya cherehani kwa 14, watoto waliolala nje mvua inanyesha kwa 16, familia iliyotawanyika kwa ndugu watatu tofauti kwa 18. Ongeza 7 kama mlinyimwa kusikilizwa, na 1, wajibu wa nchi kutekeleza Mkataba. Kama ni ardhi ya asili ya jamii, basi 8 dini, 17 utamaduni, 21 maliasili na 22 maendeleo, ndo zilizowabeba Waendorois.

Serikali itajibu kwamba ni maslahi ya umma, barabara au hifadhi, na 14 inaruhusu. Wajibu mapema: inaruhusu kwa mujibu wa sheria tu. Uliza kwenye karatasi yako, mashauriano yalifanyika lini, notisi ya siku ngapi, njia mbadala ipi iliangaliwa, fidia kiasi gani, walioondolewa walipelekwa wapi? Azimio la Tume namba 231 la 2012 ni la makazi na kuondolewa kwa nguvu moja kwa moja, litaje.

Mwisho andika unachotaka, kwa ukamilifu: kurudishwa au ardhi mbadala, fidia kwa kaya kwa mujibu wa jedwali, kusitisha uvunjaji uliobaki. Usichoomba usitegemee kupewa.

Hatua ya 7: Omba hatua za dharura kama bado kuna nyumba zimesimama

Hili ni ombi la pembeni, ukurasa mmoja au miwili, lipeleke pamoja na malalamiko. Tume inaweza kuitaka nchi isitishe wakati shauri linaendelea kama kuna hatari ya madhara yasiyorekebishika. Kwa hiyo kinachobeba ombi ni dharura: tarehe ya notisi inaisha lini, nani yumo ndani, wagonjwa wangapi, wajawazito wangapi. Nyumba zilizoshaanguka hazina dharura ya kuvunjwa, lakini watu kulala nje bila maji inaweza kuwa dharura yake yenyewe.

Waogiek waliombewa zuio na Tume Novemba 2009, na Mahakama ya Afrika ikatoa amri yake Machi 2013. Zote mbili bila polisi wa kuzisimamia. Ukipata barua ya namna hii, siku hiyohiyo ipeleke kwa wakili aiweke mbele ya jaji wa nyumbani.

Hatua ya 8: Tuma, kisha kaa macho

Tuma kwa imeili iliyoko kwenye tovuti ya Tume, kwa pdf moja iliyopangwa, si viambatisho 80 vyenye majina kama IMG_0043. Ukikaa wiki kadhaa bila kuthibitishiwa, tuma tena ukitaja tarehe ya kwanza.

Ushindi wa kwanza ni barua yenye namba ya shauri ikisema Tume imekubali kulishughulikia. Barua hiyo itakupa siku za kuleta hoja zako kamili za kupokelewa kwa shauri na za kesi yenyewe. Weka tarehe hizo ukutani. Mashauri mengi yamefutwa kwa sababu mlalamikaji alinyamaza hapa, akidhani ameshamaliza kazi. Ukihitaji muda zaidi, omba kabla tarehe haijafika.

Na jamani, msizirushe barua za Tume kwenye magrupu. Kifungu cha 59 kinataka shauri liwe siri mpaka liruhusiwe kutangazwa. Kuongea na vyombo vya habari kuhusu nyumba zenu zilizovunjwa ni haki yenu, nyaraka za shauri ni kitu kingine.

Serikali inaweza kuja na pendekezo la kusuluhisha nje. Sikilizeni, ila msisaini kitu ambacho hakijapitia Tume na ambacho orodha yenu ya waathirika haijaambatishwa.

Hatua ya 9: Uamuzi ukitoka

Tume inatoa mapendekezo, na nchi inatakiwa kueleza ndani ya siku 180 imefanya nini. Nyingi hazifanyi. Waendorois walishinda kabisa na miaka mingi baadaye bado walikuwa wanadai utekelezaji. Kwa hiyo siku ya 181 andikeni barua kwa Tume mkitaja pendekezo moja moja na hali yake, muitume na nakala kwa mwanasheria mkuu wa serikali, na mrudie kila kikao cha Tume kinapokaribia.

Wakati huohuo orodha ya waathirika isasishwe kila mwaka. Waogiek walipangiwa shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu, na pesa ya namna hiyo ikija swali la kwanza ni nani yumo. Anayehama aache namba ya ndugu, aliyefariki familia ilete cheti cha kifo na majina ya warithi, na anayejitokeza leo akidai naye alikuwepo aje na kiapo na jirani wawili wanaomjua, vinginevyo mtaanza kesi nyingine wenyewe kwa wenyewe.